Kuigeuza modeli ya DC-3 kuwa BT-67: mwongozo kamili wa kubadili injini za pistoni kuwa taboprop

Wengi wanaotaka kuigeuza DC-3 ya plastiki kuwa BT-67, yaani DC-3 iliyowekewa injini za taboprop, huanza na propela. Hutafuta propela mbili za mapanga matano, huzichomeka mbele ya magamba ya injini yaliyokuja na seti, kisha hushangaa kwa nini ndege haifanani na ile iliyo kwenye picha. Kinachokosekana hakiko kwenye propela. Taboprop, yaani injini ya tabini inayozungusha propela, ni nyembamba, ndefu na nyepesi kuliko injini ya pistoni iliyoitangulia, na sifa hizo tatu hubadilisha naseli (ganda la bawani linalobeba injini), urefu wa pua, njia ya hewa, ekzosi na hata namna mapanga yanavyokaa ndege inapokuwa imeegeshwa. Ukiufuata mnyororo huo tangu mwanzo, modeli itatoka sawa. Ukiruka pete moja, jicho la mtu anayezijua ndege litaiona mara moja.

Mwongozo huu unatumia skeli ya 1/72 kama mfano, na unataja vipimo vya 1/48 na 1/144 pale vinapohitajika. Seti za Airfix na Italeri za 1/72 zinafaa, na kwa 1/48 kuna Monogram na Trumpeter. Chagua C-47, ambayo ni DC-3 ya kijeshi, au DC-3 yenye injini za Pratt & Whitney R-1830, lakini usihangaike sana na ubora wa injini zilizomo kwenye boksi kwa sababu zote zitaenda kwenye sanduku la vipuri.

Kwanza amua unajenga ndege ipi

DC-3 imewekewa taboprop na watu wengi tofauti, na kila mmoja alifanya kivyake. Mwaka 1951 shirika la ndege la BEA la Uingereza lilirusha Dakota mbili za mizigo (Dakota ni jina la Waingereza la C-47) zenye injini za Rolls-Royce Dart. Mwaka 1969 Conroy wa Marekani alitengeneza Turbo-Three, nayo ikiwa na Dart, na mwaka 1977 akaja na Tri-Turbo-Three yenye taboprop tatu za PT6A-45, moja ikiwa puani. Jeshi la Anga la Afrika Kusini lina C-47TP, iliyofungwa PT6A-65AR. Basler, kampuni iliyoko Oshkosh katika jimbo la Wisconsin, inatengeneza BT-67 yenye PT6A-67R, na ilipata cheti chake Marekani mwaka 1990.

Dakota za Dart zilibaki na bodi ya urefu wa kawaida. BT-67 imerefushwa inchi 40, yaani sentimita 101.6, kwa kipande kilichoongezwa mbele ya bawa. Sababu ni uzito. R-1830 moja ina zaidi ya kilo 550, na PT6 ya ukubwa huu haifikishi hata nusu ya hapo. Ukiondoa uzito huo wote mbele ya bawa, kitovu cha uzito kinarudi nyuma, kwa hiyo pua inasogezwa mbele ili mizani irudi, na ndege inapata nafasi zaidi ya mizigo. Basler ilibadilisha pia ncha za mabawa: za BT-67 hazina ule mviringo mrefu wa DC-3, zimekatika zaidi.

Chagua ndege moja halisi yenye namba yake ya usajili, kisha kusanya picha zake: ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, mbele, robo ya nyuma, na walau moja ya naseli kwa karibu. BT-67 zilizaliwa kutoka kwa C-47 na DC-3 za historia mbalimbali, hivyo mpangilio wa madirisha, milango na antena hutofautiana kati ya ndege na ndege. Zinazofanya kazi maeneo ya barafu, kama Polar 5 na Polar 6 za taasisi ya Alfred Wegener ya Ujerumani, huonekana mara nyingi zikiwa na ski. Usichanganye picha za ndege mbili ukadhani ni moja.

Mbinu zilizo hapa zinahamia kwa ndege nyingine bila shida. Convair 340 au 440 inaweza kuwa Convair 580 kwa injini za Allison 501-D13, au Convair 640 kwa Dart. Ila kila mara uliza swali lile lile kabla ya kukata: mbali na injini, ni nini kingine kilichobadilika kwenye bodi?

Vipimo kabla ya msumeno

Kipimo kimoja tunacho kwa uhakika: urefu wa nyongeza ya bodi. Milimita 1016 zikigawanywa kwa 72 zinatoa 14.1 mm. Kwa 1/48 ni 21.2 mm, na kwa 1/144 ni 7.1 mm. Kabla ya kitu chochote pima seti yenyewe. C-47 ina urefu wa mita 19.43, ambao kwa 1/72 ni 269.9 mm. Seti ikipungua au kuzidi kwa milimita mbili tatu, iache hivyo. Usijaribu kulisahihisha kosa la mtengenezaji kupitia kipande chako cha nyongeza.

Vipimo vingine vyote vitoe kwenye picha. Tafuta picha ya ubavu iliyopigwa kutoka mbali, kamera ikiwa imeelekea ndege moja kwa moja. Picha ya karibu hukuza kilicho mbele, na naseli iko mbele ya bodi, kwa hiyo itakudanganya. Ichapishe kubwa, kisha tumia gurudumu la naseli ile ile kama rula yako, maana liko karibu kabisa na kitu unachokipima. Tuseme kwenye chapisho gurudumu lina kipenyo cha 20 mm, urefu kutoka ukingo wa mbele wa bawa hadi nyuma ya kofia ya propela ni 50 mm, na gurudumu la seti yako ni 15 mm. Zidisha 50 kwa 15, gawanya kwa 20, unapata 37.5 mm. Namba hizo ni za kuonyesha hesabu tu. Zako zitatoka kwenye picha yako. Kwa njia hiyo pima kimo cha naseli katika vituo vitano, kipenyo cha kofia, urefu wa panga, kipenyo cha bomba la ekzosi na upana wa mdomo wa hewa. Rudia kwenye picha ya pili. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia tano, tafuta picha ya tatu.

Kuna kigezo cha kukukamata ukipotea. PT6 tupu, bila ganda, ina kipenyo cha takriban sentimita 48, yaani 6.7 mm kwa 1/72 na 10 mm kwa 1/48. R-1830 ina mita 1.22, yaani 17 mm kwa 1/72. Pua ya naseli yako lazima iwe nyembamba kwa wazi kuliko ganda la seti, lakini iweze kuimeza PT6 ikabaki na nafasi.

Vifaa

Andaa karatasi za polistirini za 0.5 mm na 1 mm, vijiti vya plastiki vya 2 × 2 mm, mrija wa plastiki unaokaribiana na kipenyo cha pua ya naseli, mrija laini wa alumini wa 2.5 hadi 3 mm kwa ekzosi, na waya wa shaba wa 0.5, 0.8 na 1.5 mm. Gundi ziwe tatu: ya majimaji ya kuyeyusha plastiki, supagluu, na epoksi ya dakika tano. Puti ya epoksi ya aina ya Milliput ni bora kuliko puti ya kiyeyusho kwa sehemu nene, kwa sababu haisinyai. Kwa kukata, pata msumeno wa wembe wenye meno madogo. Ongeza kalipa, msasa wa 240, 400, 600 na 1000, tupa za duara, kekee ya mkono na utepe mgumu wa lebo wa kuongozea msumeno. Ukiamua kumwaga resini, utahitaji pia silikoni ya kutengenezea ukungu na resini ya polyurethani.

Kurefusha bodi

Gundisha nusu mbili za bodi kwanza, bila chumba cha marubani na bila sakafu ya ndani, kisha acha ikauke saa 48. Wapo wanaokata kila nusu peke yake. Njia hiyo inakupa mikato miwili ya kulinganisha badala ya mmoja, na hakuna atakayeiona sakafu kupitia madirisha madogo ya 1/72. Chumba cha marubani utakiingiza baadaye kupitia sehemu iliyokatwa, jambo ambalo kwa kweli ni rahisi kuliko kukibana katikati ya nusu mbili.

Mahali pa kukata ni mbele kidogo ya pale bawa linapoungana na bodi, ambapo umbo la bodi halibadiliki tena. Litafute kwa kalipa: pima upana na kimo kila baada ya 5 mm kutoka nyuma ya dirisha la rubani kwenda kwenye bawa. Pale ambapo vipimo viwili vinavyofuatana havitofautiani kwa zaidi ya 0.2 mm ndipo kipande kipya kitaingia bila kuacha ngazi. Kama kuna mstari wa bati karibu hapo, ufuate. Dirisha usilikate katikati.

Zungusha utepe wa lebo bodi nzima. Ncha zake mbili zikikutana bila kupishana, mstari wako uko wima; zikipishana hata nusu milimita, anza upya. Pitisha msumeno taratibu ukizungusha bodi, ukichimba mfereji pande zote kabla ya kupenya popote. Anayekata upande mmoja hadi kutokea wa pili hupata mkato wa mshazari, na pua itatazama pembeni maisha yake yote.

Msumeno hula karibu 0.3 mm, na kusawazisha kingo kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kutakula kidogo tena. Kwa hiyo kwa 1/72 kipande cha nyongeza kisiwe 14.1 mm bali 14.5 mm. Pima pua na mkia baada ya kusawazisha, jumlisha, linganisha na urefu wa awali, na tofauti utakayoipata ndiyo utakayoongeza kwenye 14.1.

Kipande chenyewe kinapatikana kwa njia mbili zinazofaa. Ya kwanza, na bora zaidi, ni kukikata kutoka kwenye bodi ya seti ya pili ya aina ile ile. Mkunjo unalingana wenyewe, na mistari ya bati inaendelea. Ya pili ni kujenga: kata fremu tatu za plastiki ya 1 mm kwa umbo la ndani ya bodi, moja kila mwisho na moja katikati, ziunge kwa vijiti sita vya 2 × 2 mm, kisha zungushia ngozi ya plastiki ya 0.5 mm tabaka mbili, kiungo cha tabaka la kwanza kikiwa juu na cha pili chini.

Kuna njia ya tatu ambayo hupendwa kwa urahisi wake: kurundika karatasi 14 za 1 mm na kuzichonga. Hatuipendekezi kwa gundi ya kuyeyusha. Kimiminika hunaswa katikati ya tabaka, hutoka polepole kwa wiki nyingi, na plastiki inasinyaa mistarimistari chini ya rangi uliyokwisha kumaliza. Ukilazimika, tumia epoksi kati ya tabaka, na toboa katikati ubaki na ukuta wa 5 mm ili hewa ipite na uzito upungue.

Kabla ya kuunga, gundisha vipande viwili vya mrija wa plastiki wa 4 mm ndani ya sehemu ya mkia, kimoja kila ubavu, vikichomoza kama 25 mm kupita mkato. Hivi ndivyo vitakavyobeba pua. Valisha kipande cha nyongeza, kisha pua, bila gundi kwanza. Laza bodi kwenye kioo huku mkia ukiwa umeinuliwa kwa kipande cha plastiki, na tazama mambo matatu: mstari wa katikati juu ya bodi uwe mmoja kutoka kwenye kioo cha marubani hadi kwenye pezi la mkia, mstari wa tumbo usivunjike, na madirisha ya pande zote mbili yawe kwenye kimo kimoja. Hapo ndipo utie gundi ya majimaji kwa brashi, ndani kwanza.

Kiungo kikikauka, jaza kwa supagluu iliyochanganywa na poda ya talki. Ipige msasa ndani ya saa chache. Ukiiacha hadi kesho yake itakuwa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, na msasa utachimba plastiki badala yake. Nyunyizia praima ya kijivu, tafuta mifereji, rudia, kisha chora upya mistari ya bati iliyopotea.

Naseli

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo inapolipa.

PT6 hupumua kinyume na mazoea. Hewa huingia sehemu ya nyuma ya injini, inasafiri kwenda mbele, na moshi hutokea karibu na giaboksi, nyuma tu ya propela. Ndiyo maana mabomba ya ekzosi ya BT-67 yako karibu kabisa na pua ya naseli, moja kila upande, na mdomo wa hewa uko chini ya kofia ukipeleka hewa nyuma kupitia mfereji wa tumboni. Ukilielewa hilo hutaweka ekzosi katikati ya naseli, kosa linaloonekana kwenye modeli nyingi.

Tengeneza naseli moja tu ya mfano, kisha uinakili. Mbili zilizochongwa kwa mkono hazitafanana hata ukijitahidi vipi, na zikikaa pamoja kwenye bawa moja tofauti ya nusu milimita itaonekana kutoka upande wa pili wa chumba.

Anza na mrija wa plastiki kama uti wa mgongo. Kata duara tano za plastiki ya 1 mm kulingana na vituo vitano ulivyopima, zitoboe katikati, zivalishe kwenye mrija kwa umbali sahihi. Kumbuka kwamba vituo vya nyuma si duara kamili: naseli inapokaribia bawa huwa ndefu kwenda chini kuliko upana wake. Jaza nafasi kati ya duara kwa puti ya epoksi hadi juu kidogo ya kingo, acha usiku mzima, kisha chonga mpaka kingo za plastiki zianze kuonekana. Kingo hizo ndizo zinazokuambia uache. Mfereji wa hewa wa chini uunde kwa plastiki ya 1 mm na puti, na uupe mkunjo laini unapoingia kwenye naseli. Malizia kwa msasa wa 1000 na tabaka mbili za praima. Kila kovu la naseli ya mfano litatoka kwenye nakala zote.

Mwenye printa ya resini ya 3D na ujuzi wa kuchora anaweza kuvipeleka vituo vile vile vitano kwenye programu na kuchapa mbili. Achape bila kujaza ndani, ukuta wa 1.5 mm, na aache tundu la kutolea resini ambayo haijakauka, la sivyo itapasua ukuta baadaye.

Kwa kumwaga, tengeneza ukungu wa vipande viwili. Zika nusu ya naseli kwenye udongo wa kufinyangia, mimina silikoni juu, geuza, toa udongo, paka tabaka jembamba la mafuta ya vaselini kwenye silikoni iliyokauka, mimina nusu ya pili. Usipopaka mafuta, nusu mbili zitashikana ziwe tofali moja. Angalia pia aina ya udongo: silikoni inayokaushwa kwa platinamu haikauki kabisa ikigusa udongo wenye salfa, inabaki unyevunyevu wa kunata pale ilipogusa. Tumia udongo usio na salfa, au silikoni inayokaushwa kwa bati.

Resini ya polyurethani pima kwa mizani kama chupa inavyoelekeza, si kwa kukadiria kwa macho. Unyevunyevu ndio adui wake. Resini iliyokutana na maji, hata ya kwenye kijiti cha mbao cha kukorogea, hutoa povu na nakala inakuwa kama sifongo. Koroga kwa kijiti cha plastiki kikavu, mimina kwa uzi mwembamba kwenye tundu moja, na acha hewa itoke kwa la pili. Fungua dirisha, vaa glavu, na unapopiga resini msasa fanya hivyo kwa maji na ukiwa na barakoa.

Kuiunga kwenye bawa

Gundisha bawa la seti pamoja na naseli zake za awali, kisha ondoa kila kilicho mbele ya ukuta wa injini, ukibakiza chumba cha gurudumu na mashimo ya mguu wa kutua. Mdomo wa kabureta juu na kipozeo cha oili chini ni mali ya injini ya zamani, navyo viondolewe vyote na nafasi ijazwe. Ziba kisiki kwa duara ya plastiki ya 1 mm ili upate uso tambarare wa kufanyia kazi.

Naseli mpya iunge kwa vijiti viwili vya shaba vya 1.5 mm. Kimoja hakitoshi, maana itazunguka. Gundi ya majimaji haishiki resini hata kidogo. Osha nakala kwa maji na sabuni, kwaruza uso wa kuungia, tumia epoksi ya dakika tano, ambayo inakupa muda wa kurekebisha kabla haijashika.

Muda huo utumie hivi. Ingiza waya ulionyooka wa urefu wa 150 mm kwenye tundu la propela la kila naseli, ukielekea mbele. Pima umbali kati ya nyaya mbili karibu na naseli, kisha kwenye ncha zake. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya 0.5 mm, naseli moja inatazama pembeni. Halafu tazama kutoka ubavuni: waya mmoja uufiche mwingine kabisa. Sehemu ya katikati ya bawa la DC-3 ni tambarare na mwinuko wa mabawa huanza nje ya naseli, kwa hiyo rejea yako ya usawa iwe sehemu ya katikati, kamwe si ncha.

Mara nyingi kisiki cha seti ni kinene kuliko mwisho wa naseli mpya. Usijenge ngazi, wala usiinenepeshe naseli ili ilingane. Chonga kisiki, kwa urefu wa 10 hadi 15 mm kurudi nyuma, hadi mstari utiririke. Plastiki ikitishia kutoboka, ijaze puti ya epoksi kwa ndani kabla ya kuendelea.

Ncha za mabawa ni kazi fupi: kata mviringo, gundisha karatasi tatu za plastiki ya 1 mm ukiwa na mstari wa katikati kama mwongozo, chonga kwa kufuata picha ya juu.

Ekzosi na mdomo wa hewa

Mrija wa alumini hubonyea ukikunjwa ukiwa mtupu. Ujaze chumvi laini, ziba ncha kwa utepe, ukunje polepole kuzunguka mpini wa kekee, kisha mwaga chumvi na suuza. Kata ncha ya nyuma kwa mshazari na nyembesha ukuta wake kwa tupa ya duara hadi uonekane kama bati. Tengeneza sita, chagua nne zinazofanana. Toboa naseli kwa kipenyo kidogo kuliko mrija, panua kwa tupa, na ingiza mrija 2 mm ndani. Ekzosi iliyobandikwa tu juu ya ngozi hujulikana haraka.

Mdomo wa hewa uchimbe kwa safu ya matundu ya 0.8 mm, yaunganishe kwa kisu, kisha tupa. Kina cha 4 mm kinatosha kama ndani utapaka nyeusi. Ukingo uwe mwembamba, karibu 0.3 mm.

Propela

Propela za BT-67 ni Hartzell za mapanga matano, kwa hiyo panga na panga hutenganishwa na digrii 72. Chora duara kwenye karatasi, gawa kwa kipimapembe, bandika kwenye ubao, na toboa tundu la katikati la kushikilia kitovu. Kitovu ni mrija wa plastiki wa 3 mm wenye matundu matano ya 0.5 mm. Kila panga likate kutoka kwenye plastiki ya 0.75 mm, yote matano yakiwa yamebandikwa pamoja kwa utepe wa pande mbili ili yachongwe kwa mpigo mmoja. Kisha yatenganishe, tia pini ya shaba ya 0.5 mm kwenye shina, chonga ukingo mmoja uwe mnene wa mviringo na wa pili mwembamba.

Msokoto: chovya panga sekunde chache kwenye maji yaliyotoka kuchemka, shika shina na ncha kwa koleo mbili, sokota digrii 25 hivi, tumbukiza kwenye maji baridi. Yote matano yasokotwe upande mmoja. PT6 hizi, kama R-1830 zilizozitangulia, huzungusha propela kulia ukitazama kutoka nyuma. Hivyo ukisimama nyuma ya propela, panga lililo juu kabisa liwe na ukingo mnene upande wa kulia, na ukingo huo uwe mbele zaidi ya ule mwembamba.

Sasa jambo linalotenganisha modeli nzuri na iliyofanyiwa utafiti. Propela ya PT6 huendeshwa na tabini yake yenyewe, isiyofungwa kwa shafti kwenye tabini ya kugandamiza hewa. Injini ikizimwa, presha ya oili hushuka, na springi pamoja na vizani vya kwenye kitovu husukuma mapanga hadi yakae kisu kwa upepo. Ukiiangalia BT-67 iliyoegeshwa kutoka mbele, unaona kingo tu. Kwa modeli iliyoegeshwa, weka mapanga takriban digrii 85 kutoka kwenye duara la mzunguko, ukipimia kwenye robo tatu ya urefu wa panga, ukingo mnene ukitazama mbele. Kwa sababu ya msokoto, shina litapita digrii 90 na ncha haitafika, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuonekana. Ukiweka mapanga bapa, umejenga ndege yenye injini inayounguruma bila mtu ndani. Dart, na pia TPE331 ya Garrett, zina shafti moja, nazo huegeshwa mapanga yakiwa bapa. Kwa Dakota ya BEA fanya kinyume.

Mizani, rangi na moshi

Pua imerefuka na mbele ya bawa kuna resini. Modeli inayokaa kwa mkia inaweza kuanza kupiga kichwa, hasa naseli zikiwa za kujaa. Funga kila kitu kwa utepe, isimamishe kwa magurudumu, bonyeza pua kidogo na uachilie. Isiporudi kwa mkia yenyewe, ongeza gramu 5 hadi 10 za madini ya risasi nyuma kabisa ya bodi kabla hujaifunga. Miguu ya kutua ya plastiki huweza kulegea chini ya uzito wa resini, kwa hiyo iimarishe kwa waya wa 0.8 mm.

Dekali za seti hazitafaa ubavuni kama mstari wa rangi unapita kwenye kipande kipya. Upake mstari huo kwa kufunika kwa utepe, utumie dekali kwa maandishi tu. Moshi wa PT6 huacha kivuli cha kijivu kinachoelekea hudhurungi, kikianza kwenye ekzosi na kulala ubavuni mwa naseli hadi kwenye bawa. Upulizie kwa tabaka tatu au nne za rangi iliyozimuliwa sana, ukitazama picha ya ndege yako, kwani zinazooshwa mara kwa mara huwa na kivuli kidogo mno. Michirizi ya oili iliyozoeleka nyuma ya injini za pistoni usiiweke hapa. Mabomba yenyewe yapake rangi ya chuma kilichoungua, nyeusi ndani, na propela zichomeke mwisho kabisa, bila gundi, ili uweze kuzitoa modeli inaposafirishwa.